Mawe manne ya redio: Mimi, Baba na Rayon Sports

NYAKABUYE si mahali ambapo mtu hufika kwa kupotea njia. Ni lazima ukusudie. Ukitoka Kamembe, mjini kwetu wilayani Rusizi, unateremka kuelekea uwanda wa Bugarama, pale ambapo Rwanda inapakana na Kongo na Burundi kwa pamoja. Joto linaongezeka kila gari linapokata kona, mashamba ya mpunga yanafunguka mbele yako, halafu unaingia tena vilimani. Wageni wengi wanaofika siku hizi wanafuata maji ya moto ya Amashyuza, ambayo wenyeji huoga wakiamini yanatibu mifupa na ngozi. Mimi sikufuata maji. Nilizaliwa huko mwaka 1988, wakati Nyakabuye ikiwa bado komini ya mkoa wa Cyangugu, mtoto wa fundi cherehani aliyekuwa na cherehani moja, meza moja na redio moja.

Nataka kueleza habari za redio hiyo. Au tuseme habari za Rayon Sports, kwa sababu nyumbani kwetu vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja.

Kwa msomaji asiyeijua, Rayon ilianzishwa mwaka 1968 huko Nyanza, mji wa wafalme wa zamani kusini mwa Rwanda. Rangi zake ni bluu na nyeupe, na mashabiki huiita Gikundiro, yaani kipenzi. Mpinzani wake mkubwa ni APR, timu iliyozaliwa jeshini mwaka 1993. Mtu wa Dar es Salaam akifikiria Simba na Yanga, au wa Nairobi akifikiria Gor Mahia na AFC Leopards, ameshaelewa. Zikikutana Rayon na APR, hata mkwe na mkwe wanaweza kunyimana maji ya kunywa.

Baba hakuwa mtu wa Nyanza. Alijifunza ushonaji Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, na Kiswahili chake chote alikitoa huko. Niliwahi kumuuliza ilikuwaje mtu wa mpakani akaipenda timu ya mbali namna ile. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano: “Jina la Rayon nililisikia redioni kabla sijalisikia jina la mama yako.” Mama alikuwa amekaa pale pale. Alicheka, lakini si sana.

Redio yenyewe ilikula mawe manne. Hivyo ndivyo tunavyoziita betri kwetu, mawe ya redio. Siku za wiki mawe yalianikwa juani juu ya bati ili yajikusanyie nguvu kidogo, na siku ya mechi tu ndipo yalipowekwa ndani. Habari za dunia zilipita bila sisi. Mama akitaka kusikia matangazo ya vifo aliambiwa akasikilize kwa jirani. Mawe yalikuwa ya Rayon.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya mpira ni ya mwaka 1998. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu mwishoni mwa 1996, kambi za wakimbizi zilipovunjika, tukaikuta nyumba ina kuta bila madirisha, na cherehani ya baba ikamgharimu miaka kuipata nyingine. Redio tulikuwa nayo. Mama aliibeba kichwani ndani ya sufuria, kwenda na kurudi. Lakini katika miaka miwili tangu turudi, sikuwahi kuiona ikiwashwa. Ilikaa kwenye rafu kama picha ya ukutani.

Basi siku moja zikavuma habari sokoni kwamba Rayon imefika fainali ya kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, kule Zanzibar. Itacheza na Mlandege, timu ya wenyeji, mbele ya watu wa kwao. Jioni ile baba aliniita, akanipa noti na kuniambia: “Nenda dukani, uniletee mawe mawili.” Nilimwambia redio inataka manne. Akasema: “Mawili ni yangu, ninayo tayari. Haya mawili ni yako. Anayesikiliza na mimi huleta mawe mawili.”

Nilikimbia njia nzima. Rayon ilishinda 2-1 na kombe likaja Rwanda. Watangazaji walipolitaja jina la Rayon, nilimwona baba akiinamisha kichwa kwenye meza ya kushonea, paji la uso likagusa mbao, akakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani ni furaha. Mtoto wa miaka kumi ana sababu gani ya kudhani vinginevyo?

Tangu siku hiyo ilikuwa kazi yangu. Kila msimu nililipia mawe yangu mawili. Nikiwa mdogo nilichunga mbuzi wa watu kupata hela hiyo, nikikua nikabeba matofali. Hakuna siku baba alininunulia. Tulishangilia ubingwa wa 2002 na wa 2004. Kisha ikaja ile miaka mirefu: 2005, 2006, 2007, APR, APR, APR. Mwaka 2008 ATRACO wakachukua, angalau tukapumua, halafu APR tena mara nne. Miaka tisa nzima. Nilimaliza shule, nikahamia Kigali kutafuta kazi, nikaoa, na Rayon haijawa bingwa. Ilipotwaa ligi mwaka 2013 chini ya kocha Mfaransa Didier Gomes, nilimpigia baba simu katikati ya kelele za Nyamirambo. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Tulikaa kwenye laini tukipiga kelele mpaka salio likaisha.

Sasa nieleze jambo ambalo lilinisumbua tangu utotoni.

Rusizi nayo ina timu yake, Espoir, na uwanja wake upo Kamembe, unaitwa Kamarampaka. Jina hilo linakumbusha ile kura ya maoni ya mwaka 1961, maana yake ni jambo linalomaliza ubishi. Kila Espoir ilipokuwa ligi kuu, Rayon ilikuja Kamarampaka angalau mara moja kwa msimu. Fikiria, msomaji. Timu ambayo mtu ameisikiliza miaka thelathini bila kuiona inakuja kucheza karibu na kwake, nauli ni ya kawaida, mashabiki wa Nyakabuye na Bugarama wanapanda magari ya mizigo wakiimba. Baba yangu alibaki nyumbani. Aliweka mawe, akavuta kiti, akasikiliza redioni mechi iliyokuwa ikichezwa wilayani kwake.

Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilienda bila ruhusa. Niliporudi na vumbi mpaka kwenye kope, nikiwa nimewaona wachezaji wa Rayon kwa macho yangu, nilitarajia bakora au maswali elfu moja. Hakunichapa wala hakuuliza kitu. Alisema tu, “Kula, chakula kinapoa.” Kwa mwezi mzima nilimwona mwoga, au bahili, sikujua kipi kibaya zaidi. Nikamwambia hivyo siku moja, kwa ujeuri wa umri ule. Akaendelea kushona.

Masikio ya baba yalianza kuondoka taratibu. Mwanzoni alisema watangazaji wa siku hizi wanameza maneno. Halafu akasema redio imechoka. Nikamnunulia mpya, nayo ikachoka kwa mwezi mmoja. Kufikia 2018 ilibidi umsogelee na kupaza sauti ndipo apate neno moja katika matatu. Redio ilikuwa imefika mwisho kwake, na bila redio hakuwa na Rayon.

Na mwaka wenyewe ukawa ule! Rayon iliitoa Costa do Sol ya Msumbiji ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Tukawekwa na USM Alger, Gor Mahia na Yanga. Agosti tukaifunga Gor Mahia 2-1 kule kule Nairobi. Ikabaki mechi ya mwisho, dhidi ya Yanga, Kigali, tarehe 29 Agosti. Kushinda ni kwenda robo fainali.

Nilisafiri hadi Nyakabuye nikamwandikia baba kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: MASIKIO YAMEKWISHA, MACHO BADO. TWENDE UWANJANI. Alisoma mara mbili. Nilidhani umri na safari ndefu vitamtisha, nikaongeza chini yake: AU TUSUBIRI RAYON IJE KAMARAMPAKA, NI KARIBU. Hapo akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaufuta mstari ule wa pili, taratibu, mpaka karatasi ikatoboka.

Tulipanda basi Kamembe asubuhi ya siku iliyotangulia mechi. Baba alikaa dirishani. Basi lilipoanza kupanda kuelekea msitu wa Nyungwe, akaanza kuzungumza. Mtu asiyesikia hajui ukubwa wa sauti yake. Baba alidhani ananinong'oneza. Basi zima lilikuwa linamsikia.

Alisema kabla yangu kulikuwa na mwingine wa mawe mawili. Alikuwa jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, Rayon damu. Redio ilikuwa ya baba, lakini mwalimu alisema hawezi kusikiliza bure kama mtoto, kwa hiyo kila mechi alikuja na mawe yake mawili mfukoni. Mechi yao ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa 1994, Rayon ilipoigeuzia Al Hilal ya Sudan matokeo kwa kuifunga 4-1 Kigali katika Kombe la Washindi. Walicheza dansi wawili, mezani vitambaa vya watu vikaanguka chini. Mwalimu aliyaacha mawe ndani ya redio usiku ule, akasema yatumike raundi inayofuata.

Raundi inayofuata haikuchezwa. Yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

“Alinijia usiku akaniuliza aende wapi,” baba akasema. “Mimi ndiye niliyemwambia aende kanisa kuu, Cyangugu. Nilisema nyumba ya Mungu hawataigusa.”

Yaliyofuata yamo katika kumbukumbu za mahakama ya Arusha. Katikati ya Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa Kamarampaka, wakaambiwa ni kwa usalama wao. Kisha zikaletwa orodha. Watu wakaitwa kwa majina, wakatolewa uwanjani, wakauawa. Waliosalia walipelekwa baadaye kambi ya Nyarushishi.

“Walinidanganya yuko Nyarushishi,” baba akaendelea. “Bukavu nzima niliishi nikijua yuko Nyarushishi, mzima, na mke wake. Tuliporudi nikaenda kuuliza. Hakuwahi kufika huko. Aliitwa jina pale uwanjani. Mimi ndiye niliyemtuma huko. Sasa wewe uniambie niende kukaa pale nishangilie?”

Sikuwa na namna ya kumjibu. Hata kama ningekuwa na la kusema, asingelisikia, na kalamu ilikuwa kwenye mkoba juu ya vichwa vyetu. Basi lilikuwa kimya. Mama mmoja mbele yetu alijifunika kitenge usoni. Nilikuwa nikihesabu mambo yangu: ile noti ya mwaka 1998, mawe mawili, paji la uso juu ya mbao, ujeuri wangu wa miaka kumi na tano. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtu miaka ishirini bila kujua.

Wapo wanaosema mpira uliokoa watu, na ni kweli. Kipa wa Rayon wa miaka ile, Eugène Murangwa, amesimulia hadharani mara nyingi jinsi askari waliokuja kumuua walivyoona picha zake akiwa na jezi ya Rayon, wakamtambua, wakamwacha, na jinsi wachezaji wenzake walivyomficha. Baba anaifahamu habari hiyo. Tulipofika Huye na basi likasimama watu wale, aliniambia, sasa kweli kwa kunong'ona: “Yule alikuwa kipa. Wangu alikuwa shabiki tu.”

Kesho yake tulikuwa Nyamirambo. Nilikuwa nimehangaika kwamba atachoka, atasukumwa, hataelewa. Nilisahau kwamba mtu aliyesikiliza mpira miaka yote ile kwa masikio anaujua uwanja kuliko mimi. Alipoingia alisimama kwenye ngazi, akaangalia majani, akaangalia magoli yote mawili, akaniambia, “Ni padogo.” Redioni pote palikuwa pakubwa.

Bimenyimana Bonfils Caleb alifunga kipindi cha kwanza. Uwanja ulilipuka, na baba, ambaye kelele ile haikumfikia, aliisikia kwa miguu. Aliniambia baadaye kwamba zege lilitetemeka mpaka magotini. Ilibaki 1-0 mpaka mwisho, na dakika zile za mwisho alinishika mkono kwa nguvu hadi alama za vidole zikabaki. Kipenga kilipolia hakujua kama kimelia. Aliniangalia usoni kwanza, kisha ndipo akanyanyua mikono.

Kabla hatujatoka alitia mkono kwenye koti, akatoa mawe mawili ya redio, makuukuu, yenye kutu kwenye ncha. Sikuuliza ni yapi. Aliyashika tu wakati watu wakiimba, halafu akayarudisha.

Robo fainali ilikuwa na Enyimba ya Nigeria. Kigali tulitoka 0-0, na yeye alikuwa amesharudi Nyakabuye. Mechi ya marudiano ilichezwa Aba, tarehe 23 Septemba 2018. Tulikubaliana nitamtumia ujumbe wa simu kila kinapotokea kitu, kwa kuwa miwani yake ya kushonea bado inasoma vizuri. Mimi ndiye mtangazaji sasa. Enyimba wakaanza kufunga. Nikaandika. Wakafunga tena. Nikaandika. Walipofika la tatu niliiweka simu chini. Nilijiambia nitamwachia alale, kesho nitamweleza kwa upole.

Simu ikatikisika. “Mbona kimya?” Sikujibu. Ikatikisika tena: “Usinifiche. Mimi nimewahi kufichwa.”

Nikamwandikia yote mpaka la tano. 5-1. Akajibu: “Asante. Sasa nitalala.”

Tangu siku hiyo sifichi. Ubingwa wa 2019 nilimwandikia nikiwa nalia. Misimu sita ya APR, kuanzia 2020 hadi 2025, nimeiandika yote, kila sare ya kijinga, kila penalti iliyogonga mwamba, na nakiri kuna Jumapili nilitamani baba angekuwa shabiki wa kitu kingine, kuvua samaki kwa mfano. Juni 2023 tuliwafunga APR 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Amani huko Huye, na ujumbe wake ulikuwa na neno moja tu, Gikundiro, ameliandika mara nane.

Jambo moja tu nililibakiza muda mrefu. Nilikuwa sijarudi Kamarampaka tangu safari ya basi. Espoir ikiwa bado ligi kuu, kabla haijashuka, Rayon ilipangiwa kwenda Rusizi, nami nilikuwa nyumbani likizo. Nilimwandikia baba kwenye karatasi kwamba nakwenda, kama hataki nitabaki. Alifikiri sana. Mwishowe akaandika chini yake: “Nenda. Uniandikie.”

Nilikaa jukwaani mapema, jua likiwa kali. Nikatuma ujumbe wa kwanza: uwanja umejaa, watoto wako juu ya miti, Rayon imevaa bluu.

Akajibu: “Mlango ni ule ule?”

Niligeuka kuutazama. Watu walikuwa bado wanaingia, wanasukumana, wanacheka, wengine na vuvuzela. Sikujua ulikuwaje mwaka ule. Nikamwandikia hivyo, kwamba sijui.

Ilipita dakika nzima. Wachezaji wakapanga mstari katikati.

“Sawa,” akaandika. “Goli likiingia nijulishe.”